Wepesi wa lite, wepesi wa togwa

"Baridi au moto?" Ndilo swali la kwanza la mhudumu katika baa za Mikumi mjini. Jioni moja dereva wa lori aliyekaa meza ya jirani aliagiza lite ya baridi, kisha akajieleza bila kuulizwa: "Bado nina barabara mbele, dada. Lite ni kama maji tu." Alikuwa anaelekea Dar es Salaam. Mbele yake zilikuwa kilomita zipatazo 50 zinazokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako twiga na tembo huvuka lami saa yoyote wapendayo.

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inanitia hofu. Bia hiyo ni nyepesi kweli, lakini si kwa namna aliyodhani yule dereva.

Ili tuelewane, naomba tuanzie mbali na kiwanda, jikoni kwa shangazi yangu, Vidunda, milimani juu ya Kidodi. Akitaka togwa, shangazi huloweka ulezi, huufunika siku mbili tatu mpaka uchipue, huuanika juani, kisha huusaga. Hicho ndicho kimea. Siku ya kutengeneza hupika uji wa mahindi mzito hasa, ukisimamisha mwiko unasimama. Huuacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, ndipo hutia kimea na kukoroga. Kinachofuata sijawahi kuchoka kukitazama. Baada ya dakika chache, bila kuongeza hata tone la maji, mwiko unaanza kuinama, uji unalegea, na ukionja unakuta utamu ambao haukuwepo.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari wenye matawi, na vimeng'enya vinaukatakata. Vipande vidogo ndiyo ule utamu. Ila penye maungio ya matawi vimeng'enya vya kimea vinakwama, na hapo hubaki vipande vikubwa viitwavyo deksitrini. Uji ukiwa wa moto mno vimeng'enya vyenyewe huharibika, uji ukabaki mzito vilevile. Kwa hiyo kidole cha shangazi ni kipimajoto, wala si mazoea tu.

Kiwanda cha bia kinafuata njia hiyohiyo. Kimea ni cha shayiri, huloweshwa kwenye maji ya nyuzi joto 62 hadi 70 hivi, maji yake matamu huchujwa na kuchemshwa na hopsi zinazoleta uchungu, kisha hutiwa chachu. Chachu hula sukari ndogondogo na kutoa kilevi na gesi. Deksitrini haiziwezi. Kwenye bia ya kawaida, robo hadi theluthi ya kile kilichoyeyuka kutoka kwenye kimea hubaki bila kuliwa. Mabaki hayo ndiyo yanayoipa bia uzito mdomoni, na ni sehemu ya kalori zake.

Mwaka 1967 mkemia Joseph Owades, akiwa kiwanda cha Rheingold mjini New York, alitoa bia iliyotumia kimeng'enya cha ziada, glukoamilasi, chenye uwezo wa kukata hata yale maungio. Chachu ikapata kula karibu kila kitu. Bia hiyo iliitwa Gablinger's, na haikuuzika. Ujuzi ukafika kwa Meister Brau ya Chicago, waliotoa bia waliyoiita Lite kwa tahajia hiyohiyo tunayoisoma leo kwenye chupa. Kampuni ya Miller ikainunua chapa hiyo mwaka 1972, na mwaka 1975 Miller Lite ikaenea Marekani nzima. Afrika Kusini walitoa Castle Lite yao mwaka 1994, nayo ikaja kutengenezwa na kampuni ya bia ya TBL hapa nchini. Si kila kiwanda cha lite hutumia kimeng'enya cha ziada. Wengine huacha kimea muda mrefu zaidi kwenye joto la chini ili vimeng'enya vyake vimalize kazi.

Sasa tazama jambo ambalo wanywaji wengi hawaambiwi. Sukari yote ikiliwa, kilevi kinaongezeka, hakipungui. Kimea kilekile, kwa kiasi kilekile, kingetoa lite kali kuliko bia ya kawaida. Kilevi hushuka kwa sababu mtengenezaji ameanza na kimea kidogo au ameongeza maji mwishoni, na yeye ndiye anayeamua aishie wapi. Castle Lite na Serengeti Lite zimeishia asilimia 4. Kilimanjaro ya kawaida ina 4.5, Safari 5.5. Kati ya lite na Kilimanjaro, kwenye ujazo wa mililita 500, tofauti ni gramu 2 tu za kilevi.

Kwa anayepunguza uzito, faida ipo, ingawa ina mpaka wake. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, ya wanga ina 4. Mililita 500 za lite zina kalori 110 zinazotokana na kilevi peke yake, na hizo hakuna kimeng'enya cha kuziondoa.

Togwa imekwenda upande mwingine kabisa. Shangazi huacha sukari ibaki, bakteria wanaichachusha kidogo usiku kucha, na kesho yake watoto wanakunywa kabla chachu haijashika kazi. Ikikaa siku zaidi inakuwa pombe, naye huwanyima. Togwa ni nyepesi kwa kilevi na nzito kwa chakula. Lite imepunguziwa chakula kwanza, kilevi baadaye, na kwa kiasi kidogo.

Ndugu msomaji unayeshika usukani, acha neno lililoandikwa mbele ya chupa, tafuta asilimia, uizidishe kwa ujazo upate mililita za kilevi, kisha uzigeuze ziwe gramu. Mimi nilifanya hesabu hiyo palepale mezani. Chupa nne za lite za mililita 500 zina gramu 63 za kilevi. Tatu za Safari za ujazo huohuo zina 65.