Meza Isiyokuwapo: Juu ya Kuiga Sauti ya Zamani

Kuiga si kosa katika sanaa. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga, na malenga hujifunza mizani na vina kwa kushika nyayo za waliomtangulia. Lakini aigaye hana budi kujua aiga nini, na kwa nini. Kanuni hii tumezoea kuitumia katika ushairi. Yafaa leo tuipime katika sanaa iliyo jirani yake, nayo ni kuchanganya muziki kwa kompyuta.

Msomaji asiyepata kuingia studio na aelezwe kwanza jambo lenyewe. Zamani sauti ya kila maikrofoni ilipita katika meza kubwa ya kuchanganyia, yenye transfoma, transista na vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Umeme ulipopita humo haukutoka kama ulivyoingia. Kila sauti ilipata wafuasi, yaani hamoniki, zenye mizunguko mara mbili au mara tatu ya ile ya asili. Sehemu ndogo ya sauti ya njia moja ilivuja katika njia ya jirani. Na chini ya yote palikuwa na mvumo mwembamba. Kompyuta haina kasoro hizo. Ikiambiwa ijumlishe sauti ishirini, hujumlisha tarakimu tu, kama karani mwaminifu. Ndipo zikatungwa programu ndogo, ambazo mafundi huziita plagini, za kuirudishia kompyuta kasoro za meza. Slate Digital walitoa VCC mwaka 2011. Waves nao walitoa NLS, inayoiga meza tatu: ya EMI, ya SSL na ya Neve. Brainworx walikwenda mbali zaidi, wakaweka katika bx_console N njia 72 zinazotofautiana kidogo kidogo, kwa kuwa vipuri vya meza halisi havilingani kamwe.

Wazisifuo husema huipa sauti joto, na huviunganisha vyombo kama gundi. Maneno hayo yanafanana na ya msomaji asemaye kwamba shairi ni tamu, kisha akanyamaza. Utamu upo, lakini kazi ya mhakiki ni kuonyesha umetoka wapi.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa kijana wa Kilosa au Mikumi. Mkoa wake, Morogoro, ndio uliotupa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tena watu wa jimbo la Mikumi, tangu 2015 hadi 2020, walimtuma Bungeni Joseph Haule, yaani Professor Jay, ambaye albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 ni ya kizazi kilicholelewa na studio za kompyuta. Basi kijana huyo ana urithi wa namna mbili: wa chumba na wa tarakimu. Akitaka wimbo wake uwe na sauti ya Morogoro ya zamani, huambiwa atie plagini ya meza ya Kiingereza.

Tuitazame tarehe. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Meza ya EMI ya jamii ya TG12345 ilianza kutumika katika studio za Abbey Road, London, mwaka 1968. Moduli ya Neve 1073, inayoigwa sana, ilitoka mwaka 1970. SSL 4000 E ilitoka mwaka 1979, na Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari ya mwaka huohuo. Kwa hiyo hakuna wimbo hata mmoja wa Salum uliopata kupita katika meza yoyote ya hizo tatu, wala wa Mbaraka katika hiyo ya mwisho. Anayetafuta uzee wa Morogoro humo anatafuta nasaba yake katika kitabu cha ukoo mwingine.

Joto la nyimbo zile, basi, lilitoka wapi? Katika studio ya redio ya taifa, Dar es Salaam, aghalabu bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Ngoma ilisikika katika maikrofoni ya mwimbaji, na gitaa katika ile ya saksafoni. Uvujaji ambao plagini huuiga kwa hesabu ulifanywa na hewa ya chumba. Tena hapakuwa na nafasi ya kuahirisha uamuzi: nani asogee, nani apunguze, gitaa lipi liitikie lipi, yote yaliamuliwa kabla utepe haujazunguka. Gundi ilikuwa ni masikilizano ya wapigaji.

Kadhalika ngoma za Wasagara na Wavidunda wa nchi ya Kilosa. Zikirekodiwa uwanjani kwa maikrofoni mbili, ngoma, makofi na sauti za waimbaji huwa zimekwisha kuungana kabla ya kufika kwenye waya. Plagini ya kuunganisha njia ishirini haikuti pale cha kuunganisha. Itaongeza rangi tu, na rangi hiyo itadai sababu yake.

Huenda mtu akatukumbusha kwamba hata Cuban Marimba, kwa jina lake lenyewe, iliiga ng'ambo. Ni kweli, na mfano huo ni bora kuliko yote. Muziki wa Kuba ulifika Afrika katika santuri za GV, ambazo HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933. Nayo HMV ilikuwa chapa ya EMI, kampuni ileile ambayo meza yake inaigwa leo. Lakini Salum Abdallah alichukua mwendo wa muziki, akautia maneno ya Kiswahili na mambo ya watu wake, hata ukawa wetu. Hakuiga mkwaruzo wa santuri. Aliiga kilichokuwa na uhai, akaacha kilichokuwa ajali ya chombo.

Wala kuiga kwa hesabu hakukosi hatari zake. Chukua sauti ya mizunguko 9,000 kwa sekunde. Mfuasi wake wa tatu ni 27,000. Kompyuta inayopima sauti mara 44,100 kwa sekunde haiwezi kushika zaidi ya 22,050. Basi mfuasi huyo hurudi chini akatokea kwenye 17,100, mahali asipo na udugu na sauti mama. Plagini iliyotungwa vyema huongeza kasi ya vipimo ndani yake ili kuliepuka hilo. Iliyotungwa vibaya huleta ukakasi kwa jina la joto. Aidha plagini ikipandisha sauti kwa desibeli moja tu, sikio hudhani kuwa imeboreka. Kwa hiyo jaribio la haki ni kusawazisha nguvu kwanza, ndipo usikilize ikiwapo na isipokuwapo.

Jambo kubwa zaidi ni zile kanda za Redio Tanzania, ambazo sasa ziko mikononi mwa TBC. Kuzihamishia katika kompyuta ni kazi ya lazima. Lakini atakayezipamba kwa rangi ya meza ya London, ili zimpendeze msikilizaji wa leo, atakuwa kama mhariri anayepokea utenzi wa kale wa Kiamu akausanifisha kimyakimya: wasomaji watafurahi, na ushahidi utakuwa umepotea. Nakala ya kwanza na iachwe kama ilivyo. Apendaye kupamba na apambe nakala ya pili, tena aseme kwamba amepamba.

Hatusemi plagini hizi zitupwe. Katika wimbo uliojengwa kipande kwa kipande, kila chombo peke yake, kasoro kidogo za kuazima zaweza kuvipa vyombo hivyo udugu ambavyo havikuzaliwa nao. Na fundi anayejua kwamba ameazima hana lawama. Lawama ni kuuita mkopo urithi. Kijana wa Kilosa atakayewaita wapigaji wanne katika chumba kimoja, akawaacha wasikilizane, atakuwa ameukaribia uzee wa Morogoro kuliko yule anayenunua meza tatu ambazo hazikupata kufika huko.