Gluoni si gundi: Istilahi ya fizikia isipotoshe dhana

JUMA lililopita nilisafiri kwa matatu kutoka Kitale hadi Bungoma. Tulipopita Kiminini, mwanafunzi aliyeketi kando yangu, kitabu cha fizikia mapajani, alipojua nafunza Kiswahili aliniuliza: "Sasa mwalimu, hizi gluoni zinazoshikilia kwaki, kwa Kiswahili tuziite aje?"

Nikamjibu bila kusita: "Ziite gundi tu."

Tulipofika Misikhu nilikuwa nimeanza kulijutia jibu langu.

Ni kweli kwamba jina hilo kwa Kiingereza liliundwa kutokana na neno la gundi. Chembe hizi huunganisha kwaki ndani ya protoni na nyutroni, na ushahidi wake ulipatikana mwaka 1979 katika maabara ya DESY mjini Hamburg, Ujerumani. Hata hivyo, tafsiri sisisi hapa inahifadhi jina na kupotosha dhana. Vitu vilivyogandishwa kwa gundi vikishabanduka, mshiko umekwisha. Kwaki ni kinyume. Zikikaribiana sana, huwa karibu huru. Zikitenganishwa, mvuto haufifii. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuipata kwaki ikiwa peke yake.

Mtoto anayejua manati ataelewa upesi: mpira ukilegea hauna nguvu, ukiuvuta ndipo unapokaza. Na ukivuta zaidi, nishati yenyewe huzaa kwaki na antikwaki mpya, kila upande ukapata mwenzi.

Ninahoji basi kwamba tuseme gluoni, katika ngeli ya I-ZI: gluoni hii, gluoni hizi. Anayelalamikia mfuatano wa g na l akumbuke kwamba tunatamka glasi na glukosi bila kigugumizi. Isitoshe, Murray Gell-Mann alipozipa kwaki jina mwaka 1964, tahajia yake ilitoka katika riwaya ya James Joyce, na neno lenyewe halielezi lolote kuhusu chembe hizo. Jina si lazima lieleze. Kueleza ni kazi ya mwalimu, na hapo ndipo gundi na manati zina nafasi yake.

Wapo wanaodai Kiswahili hakiwezi sayansi. Tafsiri za harakaharaka kama yangu zinawapa fimbo ya kutuchapia.

Kijana yule alishukia Webuye na "gundi" yangu kichwani. Kama unasoma hapa, mwanangu, niwie radhi. Andika gluoni, kisha chora manati.