Elisha Cook Jr. na Tatizo la Mhusika Mdogo

Uhakiki umezoea kuwagawa wahusika katika makundi mawili: wakuu, ambao huchambuliwa kwa kirefu, na wadogo, ambao hutajwa kwa sentensi moja na kusahauliwa. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini huficha jambo la msingi, yaani kwamba mara nyingi maadili ya hadithi hupimwa kwa yanayompata yule mdogo. Kazi ya Elisha Cook Jr. (1903–1995), mwigizaji wa Marekani, yadhihirisha jambo hili.

Katika The Maltese Falcon (1941), Cook ni Wilmer, kijana mwenye bastola ambaye mpelelezi Spade humnyang'anya silaha na kumfanyia dhihaka. Mtazamaji hucheka, lakini tajiri wa Wilmer anapokubali kumtoa kafara kwa polisi, kicheko hukatika. Katika The Big Sleep (1946), Harry Jones anatishwa na muuaji ili aseme aliko mwanamke anayempenda. Anataja anwani ya uongo, kisha anapewa kinywaji chenye sumu. Katika Shane (1953), mkulima Torrey anapigwa risasi na kuanguka matopeni. Ni kifo hicho, wala si hotuba yoyote, kinachowaonyesha wakulima wenzake gharama ya kuing'ang'ania ardhi ile.

Wapo watakaodai kwamba Cook alirudia uhusika mmoja tu, yaani mnyonge aliyeandikiwa kufa. Dai hili lina ukweli wake, lakini unyonge wenyewe si wa namna moja. Wa Wilmer umejaa hasira. Wa Jones una uaminifu. George Peatty, karani wa uwanja wa mbio za farasi katika The Killing (1956), anaponzwa na mapenzi: anamdokezea mkewe siri ya wizi, na siri hiyo inaleta mauaji.

Televisheni iliupanua ushahidi huu. Katika kipindi cha Star Trek cha mwaka 1967 kiitwacho "Court Martial", Cook ni wakili Cogley, mpenda vitabu anayetetea haki ya mshtakiwa kukabiliana na anayemshtaki, hata kama huyo ni mashine. Katika Magnum, P.I., miaka ya 1980, ni Ice Pick, mkuu wa wahalifu. Sura na umbo ni vilevile, ila sasa mamlaka ni yake. Kumbe udogo ule wa awali haukuwa wa mwigizaji. Ulitokana na nafasi aliyopangiwa katika hadithi.

Mdharau mwiba guu huota tende. Uhakiki unaompita Wilmer haraka humsifu Spade bila kuuona ukatili wake, na unaompita Torrey hauwezi kueleza kwa nini Shane analazimika kuichukua tena bastola. Kwa hiyo, swali kuhusu mhusika mdogo halifai kuachwa mwisho wa uchambuzi. Lafaa kuwa miongoni mwa maswali ya kwanza.