Jiwe Lenye Mistari na Mtego wa Neno “Tabaka”

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliwakalisha barazani watoto watano wa ndugu zangu, hapa Makambako, nikawatajia majina matatu: mwamba moto, mwamba tabaka, mwamba geuzi. Kisha nikawatuma kwenye lundo la mawe la jirani anayejenga, walete tabaka. Walirudi na mawe yenye mistari myeusi na myeupe. “Mjomba, tabaka si hizi hapa?”

Kwa Kiswahili walikuwa sahihi kabisa. Kwa jiolojia, wote watano walikuwa wamekosa. Mawe yale ni naisi, mwamba geuzi. Mistari yake haikutuama majini. Joto na mgandamizo mkubwa wa kina kirefu ardhini viliyapanga upya madini, meusi yakakaa na meusi, meupe na meupe. Naisi pamoja na matale, ambayo ni mwamba moto, ndiyo sakafu ya sehemu kubwa ya mkoa huu, na umri wake unakaribia miaka bilioni 2. Kitabu huyaweka makundi matatu kama mafiga, yote sawa. Kwa mtoto wa Njombe hayako sawa: moto na geuzi anayakalia kila siku, ila kwa tabaka za kweli itabidi asafiri, kwa mfano ashuke hadi wilaya ya Ludewa.

Siku ya pili sikutaja jina lolote. Tulianza kwa kuvunja, kwa sababu uso wa nje wa jiwe umeshaliwa na mvua na jua na hauonyeshi kitu. Jiwe tulilifunga kwenye gunia ili vipande visiruke machoni, na nyundo nikaishika mwenyewe. Swali likawa moja tu: chembe zake zimeshikana vipi? Kwenye matale zimebanana ovyo ovyo, kwa kuwa uji wa moto ulipoa polepole na kila chembe ikakua ilipopata nafasi. Kwenye naisi zimebanana vilevile, lakini zimejipanga mistari. Kwenye jiwe la mchanga, ambalo ndilo tabaka la kweli, ni punje zilizogundishwa. Tone la maji husaidia: juu ya matale linakaa, jiwe la mchanga mara nyingi hulinywa. Nasema mara nyingi, maana lililoganda sana nalo hukataa; jicho liamue kwanza.

Kilichowachekesha ni jiwe la kusugulia visigino. Lile halisi, jepesi lenye matundu, ni povu la volkeno lililoganda, na volkeno za Rungwe ziliwahi kumwaga mengi ya aina hiyo. Tulilitia kwenye beseni, likaelea. Mwamba moto unaoelea! Hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kipande cha makaa ya mawe kilileta ubishi: huu si mkaa? Ni mimea ya kwenye vinamasi iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na makaa ya Mchuchuma, huko huko Ludewa, yamelala katikati ya mashapo ya zama hizo.

Neno jingine la kuchunga ni marumaru. Fundi akisema marumaru, mara nyingi ana maana ya vigae vya udongo uliochomwa kiwandani. Marumaru ya asili ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo. Ikwangue upate unga, dondoshea siki, utaona povu. Kigae hakijali.

Kuhusu lile neno la kwanza, tayari nimeamua. Watoto hawa wanajua togwa ikitulia kikombeni kinachobaki chini huitwa nini. Kwenye daftari zao tumefuta “mwamba tabaka” na kuandika “mwamba mashapo”, jina ambalo lipo vitabuni siku zote. Walimu wa Njombe, lijaribuni hilo kwanza, na nyundo itangulie ubao.