Kadi ya Grafiki Inabana Video kwa Kifaa Gani?

Tangazo la kadi ya grafiki hupenda kutaja idadi ya viini. Mtu anayerusha ibada au mechi mubashara huiona idadi hiyo, akaamini kwamba viini vikiwa vingi, video itabanwa upesi. Sivyo. A100, kadi ya vituo vya data iliyotolewa na NVIDIA mwaka 2020, ina viini 6,912, lakini haina kabisa kifaa cha kubana video. GTX 1050 ya mwaka 2016 ina viini 640, na kifaa hicho inacho.

Kinaitwa NVENC. Ni kipande cha silikoni kilichowekwa kando ya viini, kikaundwa kwa kazi hiyo moja tu. Kilianza na kizazi cha Kepler mwaka 2012. Intel ilikuwa imetangulia mwaka 2011 kwa Quick Sync, ndani ya prosesa zake za Sandy Bridge.

Kabla ya hapo viini vyenyewe vilijaribiwa. Programu ya Badaboom ilitoka mwaka 2008 ikibana video kwa viini vya NVIDIA. Kasi ilipatikana, lakini picha haikufikia ile ya x264, programu inayotumia prosesa ya kawaida.

Kikwazo kimo ndani ya kazi yenyewe. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kwa baiti 3 kila pikseli na fremu 30 kila sekunde, hizo ni takriban megabaiti 187 kwa sekunde, mzigo usiopitika kwenye intaneti ya kawaida ya nyumbani. H.264, kanuni ya kubana video, huikata fremu vipande vya pikseli 16 kwa 16, ikatafuta kwenye fremu nyingine mahali panapofanana na kila kipande, kisha ikaandika kimehamia wapi na kimebadilika kiasi gani. Utafutaji huo unagawanyika vizuri kwa viini vingi. Tatizo huja mwishoni, kwenye hatua ya CABAC, ambapo kila biti inayoandikwa hubadilisha makadirio yatakayotumika kuandika inayofuata. Ni kama kusuka ukili: ukiita wasusi elfu kwenye ukili mmoja, anayesuka ni mmoja. Saketi maalumu huitimiza kazi hiyo ya mfululizo haraka na kwa umeme kidogo, huku viini vikibaki huru kuchora mchezo.

Gharama yake ni ugumu wa kubadilika. x264 huboreshwa kwa kupakua toleo jipya. NVENC ikishachongwa, mpaka wake umewekwa. Ndiyo maana kizazi cha Turing cha mwaka 2018 kilikuwa hatua kubwa: ubora ulipanda hadi kulingana na x264 katika mipangilio ya haraka inayotumika mubashara. Hata hivyo, kwa filamu ya kuhifadhiwa, prosesa iliyopewa muda wa kutosha bado hutoa picha nzuri zaidi kwa faili la ukubwa uleule.

Wengi hupoteza faida ya NVENC bila kujua, kwenye kumbukumbu. Ukiiagiza ffmpeg, programu ya kubadili video, ifungue video kwa kadi bila kuongeza neno, kila fremu iliyofunguliwa hurudishwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha hupelekwa tena kwenye kadi ili ibanwe. Video ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde husafirisha hivyo mamia ya megabaiti kila sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Amri ya -hwaccel_output_format cuda huziacha fremu ndani ya kadi, na scale_cuda hubadili ukubwa wake humohumo. Ukiongeza maandishi kwa drawtext, inayofanya kazi kwenye prosesa, safari inaanza upya. Binafsi naona mpangilio huu una uzito zaidi kuliko kununua kadi mpya.

Ukilazimika kununua, usiliamini jina la kadi peke yake. GTX 1650 ilitoka mwaka 2019 ikiwa ya Turing, lakini ilipewa NVENC ya kizazi cha Volta kilichotangulia. RTX 30 hufungua video za AV1, kanuni nyingine ya kubana, lakini haiwezi kuzibana. Uwezo huo ulikuja na RTX 40 mwaka 2022. NVIDIA huchapisha jedwali linaloonyesha kila kadi inabana na kufungua nini. Lisome kabla hujatoa pesa.