Nimeliona Jua Ndani ya Wingu la Tukuyu, Jamani!

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka kukishika sasa hivi, mikono bado inanisisimka, na lazima nikusimulie kabla sijapasuka! Kinaitwa spektroskopu. Jina lisikutishe hata kidogo! Ni boksi tupu la majani ya chai, kipande cha sidii iliyochakaa, na ufa mwembamba, mwembamba mno, uliobanwa kati ya nyembe mbili. Basi! Na kazi yake ndiyo hiyohiyo ya mitambo mikubwa ya wanaastronomia: kuuchambua mwanga mpaka utaje ulikotoka.

Najua utasema, Tukuyu? Kwenye mvua na ukungu wote ule, Mlima Rungwe wenyewe umejifunika, nani ataona kitu angani? Hapo ndipo penye utamu! Elekeza ufa kwenye wingu jeupe (kwenye jua lenyewe usithubutu kabisa, utaunguza macho!), weka jicho tunduni, tulia kidogo... weee! Rangi zote zimejipanga humo ndani, nyekundu iliyoiva, kijani kinachong'aa kuliko mashamba ya chai ya Katumba baada ya mvua, zambarau nzito, tamu, ya kukutoa machozi. Na bado! Kaza jicho. Kuna mistari myeusi, myembamba sana, inakatiza katikati ya rangi. Nilipiga kelele!

Maana wingu linautawanya tu mwanga wa Jua, kwa hiyo mingi ya mistari hiyo inatoka Juani kwenyewe! Gesi za tabaka lake la nje zinameza mwanga, kila elementi na rangi zake maalumu, na palipomezwa panabaki giza. Joseph Fraunhofer wa Ujerumani alianza kuichora mwaka 1814, akahesabu mamia. Sasa nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa jiko, uangalie tena: mstari wa njano, mkali, unawaka mahali palepale ulipokuwa mmoja wa ile myeusi. Ni sodiamu! Iliyomo kwenye chumvi yako ya mboga imo na Juani, na hakuna aliyekwenda kuichota!

Na bado! Mwaka 1868 wanaastronomia waliona kwenye mwanga wa Jua mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ilikuwa heliamu. Hapa duniani ilikuja kupatikana mwaka 1895. Yaani ilijulikana kule kabla ya huku!

Na huo ni mwanga wa macho tu, kipande kidogo, kidogo sana cha mawimbi yanayotufikia. Washa redio usiku, iweke katikati ya stesheni mbili, sikiliza ule mchakacho: sehemu yake inatoka kwenye galaksi yetu, imepenya mawingu yote ya Rungwe bila hata kubisha hodi! Karl Jansky alitangaza habari za mawimbi hayo mwaka 1933. Eksrei za nyota ndizo hazifiki chini, hewa inazizuia zote, hata kileleni hazifiki. Basi zikafuatwa hukohuko juu! Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza eksrei za angani. Na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Uhuru! Jina letu la Kiswahili, likaenda kupima eksrei za Cygnus X-1, ambako leo tunajua kuna shimo jeusi linalovuta gesi ya nyota jirani hadi inachemka vibaya mno!

Rafiki yangu, tafuta boksi leo, leo hii! Anza na wingu, halafu geukia taa ya enaji seva: rangi zinakatika vipande vipande, kijani peke yake, zambarau peke yake, ni zebaki iliyomo ndani inajitaja. Usingoje anga litakate. Wingu lolote la mchana linatosha kukuonyesha Jua limeumbwa kwa vitu gani. Kajaribu, kisha unitafute haraka, maana najua hutaweza kunyamaza!