Juu ya Kukata Maneno Marefu na Mahali pa Mkazo

Neno refu la Kiswahili si adui wa msomaji, ila likikatwa vibaya. Jumapili moja huku Hale, katika kusanyiko dogo la wakulima na watu wa mashamba ya mkonge, nalimsikia kijana akisoma karatasi ya sala iliyopigwa chapa kwa kompyuta. Neno *atakayekuja* lilikuwa limekatwa mwisho wa mstari: *atak-* juu, *ayekuja* chini. Kwa kuwa hapana neno la asili yetu liishialo kwa *k*, kijana akalitimiza mwenyewe, akasoma “ataka”, akatua. Kisha akasoma “ayekuja”. Watu wakatazamana. Baada ya sala mzee mmoja akasema kwamba kijana huyu hajui kusoma, asipewe tena kazi hiyo. Mimi nasema alisoma kama alivyoandikiwa. Kosa ni la aliyepiga chapa, na kosa hilo karibu limpokonye kijana utumishi wake. Kwa hiyo yafaa tulichungue jambo hili, wala tusilidharau kuwa ni la herufi tu.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi. Silabi ya Kiswahili huishia kwa vokali; basi neno hukatwa baada ya vokali, wala si baada ya konsonanti: *a-ta-ka-ye-ku-ja*. Mashine iliyofundishwa Kiingereza haijui kanuni hii, nayo hutuletea *wan-afunzi* na *kitab-u*. Hata walimu wengine hukata *nyum-ba* na *shin-da*, wakifuata mazoea ya Kizungu. Kinywa cha Mswahili hakisemi hivyo. Husema *nyu-mba* na *shi-nda*, maana *mb* na *nd* hapo ni sauti moja.

Lakini pana *m* na *n* nyingine zinazosimama peke yake kama silabi kamili: *m-tu*, *m-to-to*, *n-chi*. Maandishi hayatuonyeshi tofauti. Tukisema “mtu mbaya”, neno la pili ni silabi tatu, *m-ba-ya*. Tukisema “nyumba mbaya”, ni mbili tu, *mba-ya*. Herufi ni zile zile, na ngeli ndiyo inayotufundisha. Tena mtazame *mbuzi*, ambaye ni *mbu-zi*. Lakini *mbu*, yule mdudu, ni *m-bu*, na mkazo umekaa juu ya *m*. Neno lilikuwa fupi mno, mkazo haukuwa na pa kukaa, basi *m* ikaupokea.

Hapa sina budi kutulaumu sisi walimu pia. Vitabu vya sarufi hutenga viungo vya neno kwa vistari ili kuonyesha maana yake: *pend-an-a*, *som-esh-a*. Kwa sarufi ni sawa kabisa. Ila mwalimu akiviandika vistari hivyo ubaoni katika somo la kusoma, watoto huvishika kama mahali pa kupumzikia, wakasoma “pend, an, a”. Kiungo cha maana na silabi ya kinywa si kitu kimoja: maana hukata *pend-an-a*, kinywa hukata *pe-nda-na*. Kila kistari kina kazi yake, na siku yake ya kufundishwa.

Sasa tuje kwenye mkazo. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, alifundisha kwamba mkazo huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na hadi leo kanuni hiyo yasimama. Yako maneno machache yanayoiacha, kama *lazima*, ambalo wengi hulikaza mwanzo. Na *barabara* ya kupitia hukazwa *ba* ya pili, bali *barabara* yenye maana ya sawasawa hukazwa *ra* ya kwanza. Kwa neno fupi kanuni yatosha. Kwa neno refu inahitaji kufafanuliwa, kwani mkazo haukai juu ya shina. Huhama kila neno linapoongezwa mwishoni. *Nyumba* hukazwa *nyu*, *nyumbani* hukazwa *mba*. *Pika* hukazwa *pi*, *pikia* hukazwa *ki*, *pikiana* hukazwa *a* iliyo kabla ya *na*. Ndiyo sababu *ku* hudumu katika *anakuja* na *anakula*: shina ni silabi moja, na *na* ya wakati haichukui mkazo, basi *ku* huuchukua. Akiingia mtendewa, kama katika *anamla*, *ku* huondoka, maana *m* imekwisha kuuchukua.

Katika maneno yaliyounganishwa pana mkazo mkubwa na mkazo mdogo. *Mfanyabiashara* hukazwa sana juu ya *sha*, lakini *fa* nayo husikika kidogo, kwa kuwa *mfanya* lina nguvu yake bado. Msomaji akiisahau *fa*, silabi saba hugeuka mrundo wa sauti, na msikilizaji hapati pa kushika. Wageni kutoka kaskazini ya Ulaya hukosea upande mwingine. Kwao uzito wa neno lililounganishwa huwa kichwani. Mnorwei husema *bilulykke*, yaani ajali ya gari, naye hukaza *bil*, lililo gari. Tena mpiga chapa wa kwao sharti aijue maana kabla ya kukata: akifuata silabi tu, atalipeleka *l* la *bil* mstari wa chini, na gari litavunjika kweli. Sisi tumepewa neema: kila sehemu huishia kwa vokali, kwa hiyo katika *mwana-maji* kiungo cha maana na silabi hukutana mahali pamoja. Tukikata vibaya, hatuna udhuru.

Liko jambo moja zaidi, nalo lawahusu hasa walimu wa Handeni na Korogwe. Kizigua ni lugha ya toni. Sauti ya juu na ya chini zina kazi ndani ya neno. Wataalamu Kenstowicz na Kisseberth walieleza mwaka 1990 jinsi sauti ya juu ya vitenzi vingine isivyokaa mahali pake, bali hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho. *Kulombeza*, yaani kuomba, hupanda juu ya *mbe*. *Kulombezeza*, kuombea, hupanda juu ya *ze*. *Kulombezezana*, kuombeana, hupanda juu ya *za*. Vitenzi vingine, kama *kudamanya*, yaani kufanya, havina kupanda huko. Basi mtoto wa Kizigua hahitaji kuambiwa kwamba sauti huhama neno linaporefuka; alilijua nyumbani kwa mama yake. Mwalimu amwanzishe na *kulombeza*, kisha amwonyeshe *omba*, *ombea*, *ombeana*. Atafahamu upesi kuliko kwa kukaririshwa kanuni. Ila aonywe kwamba Kiswahili hakibagui vitenzi: vyote hukazwa.

Shauri langu ni haya matatu. Wapigao chapa wazime ukataji wa mashine, au wakate kwa mkono baada ya vokali. Mstari ukibaki na nafasi, si aibu. Walimu wasitumie vistari vya sarufi katika somo la kusoma. Na wanaosoma mbele za watu wapewe karatasi tangu jana yake, wayapigie mstari maneno marefu, wayaseme kwa sauti mpaka yawe mepesi. Yule kijana wa Hale nilimpa karatasi ile ile Jumapili iliyofuata, nikiwa nimeyaandika upya kwa kalamu maneno yaliyokatwa. Alisoma bila kukwama, na mzee yule alikuwa wa kwanza kumpa mkono.